Nyuzi nyeupe ndani ya lenzi

Swali: Napiga picha za harusi hapa Tanga. Ndani ya lenzi yangu kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Nafuta, haziondoki. Nifanyeje?

Jibu: Hiyo ni kuvu, ndugu yangu, na imeota upande wa ndani, kitambaa hakiifikii. Zima taa, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, utaona ilipofika. Ikiwa pembeni tu, picha bado zitatoka safi. Ikitanda katikati, zitafifia, hasa ukielekeza kamera kwenye mwanga. Wahi kwa fundi wa lenzi, maana kuvu hula ule utandu mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na ukishalika haurudi. Lakini uliza bei kwanza. Kwa lenzi ndogo ya 18-55 huenda ikawa nafuu kununua nyingine.

Lenzi yenye kuvu usiiweke pamoja na lenzi nzima. Na mkoba wa ngozi kabatini, kwa unyevu wetu wa pwani, uache kabisa! Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka pakiti za silika jeli na kipima unyevu kidogo, kisomeke kati ya asilimia 40 na 50. Punje za silika zikibadilika rangi, zikaushe upya.