Basari Si Sadaka: Haki ya Mwanafunzi wa Kiogiek

Mzazi Mwogiek wa Nessuit au Mariashoni anapokwenda kumwombea mtoto wake basari, mara nyingi hujieleza kama anayeomba msaada. Hutaja umaskini wake, hushukuru kabla ya kusikilizwa, kisha hurudi nyumbani kungoja. Sheria ya Kenya haimtaki ajishushe hivyo.

Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza Serikali iwe na mipango ya kuyapa makundi madogo na yaliyotengwa nafasi maalumu katika elimu. Waliotengwa ni akina nani? Kifungu cha 260 kinazitaja jamii za kiasili zilizodumisha maisha ya kuwinda na kukusanya, na miongoni mwao ni Waogiek wa Msitu wa Mau. Kinawataja pia wafugaji, wakiwemo wanaohamahama. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliwatambua Waogiek kuwa watu wa kiasili na kuamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Juni 2022 iliagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, iwekwe katika hazina ya maendeleo ya jamii, na elimu ni mojawapo ya matumizi yake.

Lakini elewa vizuri: Kifungu cha 56 hakisemi kila mtoto atapewa pesa. Kinaifunga Serikali kuwa na mpango. Kwa hiyo swali lako lisiishie kwa mtoto mmoja. Uliza: mwaka huu, jamii yetu imetengewa nini katika elimu, na nani alifaidika?

Swali hilo lina nguvu ya sheria. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaweza kuliandika kwa Kiswahili, na ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Kama hujui kuandika, lieleze kwa mdomo. Afisa ana wajibu wa kukuandikia. Bakisha nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukinyimwa jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na ombi la basari likikataliwa, Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kudai sababu kwa maandishi.

Kuna haki nyingine ambazo ni za kila mtoto, awe Mwogiek, Mkikuyu au Mturkana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Michango mingine inahitaji idhini ya Waziri, na hata ikiidhinishwa, mtoto hawezi kuzuiwa kuingia darasani kwa sababu mzazi hajalipa. Hakuna anayeruhusiwa kuchukua mchango bila kutoa risiti rasmi. Sehemu ya 34 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi ya shule kwa kabila, lugha au utamaduni wake. Mtoto akirudishwa nyumbani, mwombe mwalimu mkuu barua yenye sababu, kisha uipeleke kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti.

La cheti ndilo linaloniuma zaidi. Vijana wengi wamekaa miaka bila kazi wala chuo kwa sababu vyeti vyao vya mtihani vimefungiwa shuleni kwa deni. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inasema wazi kwamba cheti hakiwezi kuzuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Deni la mzazi lina njia zake za kudaiwa. Cheti ni mali ya mwanafunzi.

Wazazi, msiende mmoja mmoja. Andikeni barua moja, mtie sahihi wote, mkitaje Kifungu cha 56, na muipeleke kabla muhula haujafunguliwa.