Lugha ya Adui: Kiswahili katika Resident Evil 5 na michezo iliyo jirani yake

Katika chumba kimoja cha michezo hapa Bel-Air, komuni ya Kampemba, vijana hulipa kwa saa ili wacheze PlayStation. Wengi huja kwa ajili ya mpira. Siku niliyokaa kuwatazama, mmoja alikuwa anacheza Resident Evil 5, mchezo wa kampuni ya Kijapani Capcom uliotoka mwezi wa Machi 2009. Maadui walipomrukia wakipiga kelele, aligeuka akaniambia: « Yaya, banasema Kiswahili, lakini haiko ya kwetu. »

Ni kweli. Na kwa mwanafunzi wa lugha, hapo kuna kazi ya kufanya. Wachezaji hulinganisha sehemu za mfululizo huu kwa kuangalia silaha, picha na ugumu. Mimi nitauliza jambo moja tu: adui anasema lugha gani, na nani anatarajiwa kumwelewa?

Katika mchezo wa kwanza, wa 1996, hakuna swali. Zombi ni Wamarekani waliokufa, nao huguna tu. (Neno zombi lenyewe wataalamu wengi hulihusisha na Kikongo, kwa hiyo hata mguno huo una asili upande wetu.) Mabadiliko yanakuja na Resident Evil 4, mwaka 2005. Shujaa anapelekwa kijijini Hispania, na wanakijiji walioambukizwa wanasema Kihispania. Wanaitwa Ganado, yaani mifugo. Wahispania waliocheza waligundua mara moja kwamba lafudhi ilikuwa ya Amerika ya Kilatini. Pesa za mchezo ni peseta, ingawa Hispania ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye yuro. Hata hivyo mchezaji anayejua Kihispania ana faida: anasikia wanapoambizana shujaa yuko wapi.

Resident Evil 5 inafuata mpango uleule. Mahali panaitwa Kijuju, eneo la kubuniwa. Sheva Alomar, mwenzake shujaa, ni wa tawi la Afrika ya Magharibi la kikosi chao, na pesa zinazookotwa ni naira. Lakini vinywa vinasema Kiswahili. Bara zima limekunjwa likawa kijiji kimoja: pesa za Nigeria, lugha ya mashariki.

Majina ya viumbe ndiyo yaliyonichukua muda mrefu zaidi. Maadui wa kawaida ni Majini, neno lililochukuliwa kwa maana ya pepo wabaya. Hapo pana makosa mawili. La kwanza ni la sarufi: wachezaji wa ng'ambo husema « Majini mmoja », kana kwamba ma- si kiambishi cha wingi. Nilicheka, kisha nikamsikia kijana wetu akimwambia rafiki yake: « Ua ile majini moya! » Basi niliacha kucheka. La pili ni la maana. Pwani, jini si mtu aliyeambukizwa, wala si lazima awe mbaya. Wako majini wanaosemekana kuwa Waislamu, wengine hufukiziwa ubani na kuombwa msaada.

Kisha kuna Kipepeo, neno zuri lililopewa kiumbe cha kutisha kinachoruka. Kuna Bui Kichwa na Uroboros Mkono, nomino mbili zilizowekwa bega kwa bega bila kiunganishi -a, jambo ambalo sarufi yetu haipendi. Kuna Popokarimu. Popo, sawa, maana mnyama ana mabawa. Lakini karimu? Mnyama mkarimu yule hatukumwona. Nashuku mtungaji alitaka irimu, zimwi wa hadithi za Wakikuyu, ila ushahidi sina. Na watu wa eneo hilo wanaitwa Ndipaya. Mtu wa Lubumbashi aliyekulia karibu na Kibemba hawezi kulisikia jina hilo bila kusikia ndani yake -ipaya, kuua. Sidai kwamba Capcom walilijua hilo.

Resident Evil 6, mwaka 2012, inarudia mbinu hiyo kwa Kiserbia: J'avo, kutoka neno la shetani, na Ruka-Srp, mkono na mundu. Sitakaa hapo, kwa sababu utaratibu ni uleule: chukua kamusi, toka na jina.

Jambo linalonisumbua linaonekana tunapofika Resident Evil 7, mwaka 2017. Tumerudi Marekani, Louisiana, katika nyumba ya familia Baker. Wameambukizwa nao. Lakini wanasema Kiingereza, wana majina yao wenyewe, wanakaa mezani, wanatukana, wanaeleweka. Wamebaki watu. Kule Kijuju, wabaya wanaoeleweka, kama Wesker, nao wanasema Kiingereza. Kiswahili kimefanyiwa kazi ileile ya mguno wa 1996. Tangu filamu fupi ya matangazo ya 2007 watu walijadili picha ya mzungu akipiga risasi Waafrika, na walikuwa na haki. Masikio hayakujadiliwa sana.

Kinachoshangaza ni kwamba hadithi yenyewe ilikuwa na neno lake hapa Katanga. Katika mchezo, makampuni ya kigeni yanakuja Kijuju, yanateka ardhi ya Ndipaya, na kufanya majaribio juu ya miili ya wenyeji. Wazee wetu waliwasimulia watoto habari za batumbula, waliosemekana kuwakamata watu usiku wakati wa ukoloni kwa ajili ya wazungu. Ukitumia neno hilo, adui anahama: si tena yule anayepiga kelele barabarani, ni yule aliyemtuma mkamataji.

Nilimwuliza kijana yule angewaitaje hao anaowaua. Alifikiri kidogo, kidole kikiwa bado kwenye kitufe.

« Beko bantu bagonjwa tu, yaya. »

Kisha saa yake ikaisha, na mwingine akaweka mpira.