Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita: Majina ya Silaha na Magari ya Jeshi la Nchi Kavu Yakitazamwa kutoka Katangi

Utangulizi

Katangi ni soko na wadi katika eneo bunge la Yatta, Kaunti ya Machakos. Ni nchi kame yenye miti ya miiba, mbuzi, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini. Kaskazini yake, barabara ya Thika hadi Garissa hupitia Matuu, nayo ni mojawapo ya njia za magari ya kijeshi yanayoelekea upande wa mpaka wa Somalia. Hata hivyo, uhusiano wa watu wa sehemu hizi na jeshi haukuanza na barabara hiyo. Tangu kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902, kikosi ambacho raia walikiita Keya, Ukambani ulikuwa miongoni mwa machimbuko makuu ya askari wake. Mwaka 1938, Wakamba wa Machakos walipopinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, serikali ya kikoloni ilirudi nyuma. Mojawapo ya sababu ilikuwa hofu ya kuliudhi eneo lililoipa jeshi lake vijana wengi.

Makala haya yanajadili majina ya Kiswahili ya silaha na magari ya jeshi la nchi kavu. Lengo si kuhesabu zana za nchi yoyote. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mzazi wa Katangi ambaye mwanawe ni askari anaposikiliza taarifa ya habari ya jioni, maneno anayoyasikia yanamwonyesha nini? Swali hili halihusu kamusi peke yake. Katika taarifa za vita, nomino moja inaweza kuongeza au kupunguza idadi ya nyumba zinazokesha.

Mzinga, rashasha na wenzao

Mzinga, kwa maana yake ya msingi, ni gogo lililotobolewa likawa na uwazi ndani, nyuki wakapata mahali pa kukaa. Silaha kubwa ya bomba la chuma ilipofika pwani, Kiswahili hakikuikopea jina. Lugha hii ilikopa kwa Wareno maneno kama meza, leso, karata na gereza, na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593 ilikuwa na silaha hizo juu ya kuta zake. Lakini bomba lenyewe liliitwa kwa jina la gogo la asali. Yamkini aliyelipa jina hilo aliona umbo tu. Pengine alisikia pia kilichomo ndani, kwani mizinga yote miwili ikichokozwa hutoa kitu kinachouma kwa mbali.

Kwa Mkamba wa Katangi, ambaye gogo hilo kwa lugha ya mama huliita mwatu, maana ya kwanza ya mzinga ndiyo ya kila siku, na ile ya pili ni ya sherehe za kitaifa, mizinga 21 inapopigwa. Jeshi la nchi kavu la Kenya limetumia kwa muda mrefu mzinga mwepesi wa Kiingereza wenye mtutu wa kipenyo cha milimita 105, ambao huvutwa na gari. Kisarufi, maana zote mbili zimo katika ngeli ya U-I, kwa hiyo upatanisho hauzitofautishi. Kinachozitofautisha ni kijalizo: mzinga wa nyuki, mzinga wa vita. Jambo hili dogo litakuwa na kazi mbele ya mjadala.

Silaha ndogo zimefuata njia nyingine. Bunduki ni neno la asili ya Kiarabu. Risasi nalo ni Kiarabu, na ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachotoka mtutuni. Singe, kisu kinachochomekwa mbele ya bunduki, kimetoka Bara Hindi. Afande ametoka kwa Waturuki, ingawa yeye si silaha, walau kwa mujibu wa kamusi. Linalovutia zaidi ni rashasha, bunduki inayomimina risasi mfululizo. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kunyunyiza, na ndio uliotupa rasharasha, yaani manyunyu ya mvua. Katika nchi ya Yatta, ambako manyunyu husubiriwa kwa miezi mingi, ni ajabu kidogo kwamba baraka na mauti yamechota maji katika kisima kimoja. Aidha lipo bombomu, linaloelekea kuwa tanakali ya sauti iliyogeuka nomino. Ama bunduki aina ya G3, iliyobuniwa Ujerumani, yenye magazini ya risasi 20 na ambayo askari wa Kenya waliibeba kwa miongo mingi, haikupata jina la Kiswahili kabisa. Ilibaki na herufi na tarakimu yake.

Kifaru na upatanisho wa kisarufi

Gari la chuma linalotembea kwa minyororo liliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Waingereza waliokuwa wakilitengeneza waliliita tangi kwa makusudi ya kuficha siri, ili anayeona mabati yale adhani ni matangi ya maji. (Mfanano wa sauti kati ya neno hili na jina la Katangi usimpoteze msomaji, sauti peke yake si ushahidi wa etimolojia.) Wafaransa waliliita kwa neno lenye maana ya gari la kukokotwa. Wajerumani walitaja gamba lake la chuma. Kiswahili kilimtaja mnyama.

Sitiari hii haina dalili ya kamati ya istilahi. Ina dalili za watu wanaomjua kifaru. Ngozi yake ni nene, pembe yake imetangulia mbele kama mtutu, na akishaamua kwenda hapindi kwa ajili ya kichaka. Wanaomjua husema pia kwamba haoni vizuri. Na askari walio ndani ya kifaru cha chuma, vifuniko vikishafungwa, huona nje kupitia vioo vyembamba tu. Ukambani ulimjua mnyama huyu vizuri mno. Kati ya 1944 na 1946, vifaru wapatao 1,000 waliuawa kwa bunduki Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, ili ardhi isafishwe kwa makazi ya watu. Katika miaka hiyohiyo vijana wa wilaya hiyo walikuwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwenye vita ambamo vifaru vya chuma vilipita msituni. Mmoja akitoweka nyumbani, mwingine akazoeleka ugenini, na jina likabaki lilelile.

Hapa ndipo sarufi inapofanya kazi ambayo haikuweza kuifanya kwa mzinga. Kifaru mnyama, japokuwa ana umbo la KI-VI, hupatanishwa katika A-WA: kifaru amelala, vifaru wamelala. Kifaru cha chuma hubaki KI-VI: kifaru kimelala, vifaru vimelala. Ndivyo ilivyo pia kwa ndege anayeruka na ndege inayoruka. Uhai unahamishiwa kwenye kiambishi, na msikilizaji hahitaji maelezo zaidi.

Utaratibu huu ulipata mtihani wa hadharani mwaka 2008. Tarehe 25 Septemba mwaka huo, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina iliyokuwa imebeba vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine. Meli iliachiliwa Februari 2009 ikatia nanga Mombasa. Serikali ya Kenya ilisema shehena ni yake, huku wengine wakidai kuwa ilikuwa ya Sudan Kusini. Kwa miezi kadhaa neno vifaru lilitamkwa kila siku. Anayesema "vifaru 33 vimetekwa" amesema jambo la kutisha. Anayesema "vifaru 33 wametekwa" amewapeleka wasikilizaji wake kwa maafisa wa wanyamapori.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kinachozungumzwa barani hakishiki viambishi hivi kwa nguvu. "Vifaru zimetekwa" ni sentensi ya kawaida katika masoko mengi ya Kenya, na ndani yake mnyama na chuma vimeunganishwa tena. Kulegea huku kuna historia ndani ya jeshi lenyewe. Mungai Mutonya na Timothy Parsons, katika utafiti wao wa mwaka 2004, wamekieleza KiKAR, aina ya Kiswahili kilichorahisishwa ambacho kilitumika kambini kati ya maofisa Waingereza na askari wa makabila mengi. Si haki kumlaumu mzee aliyejifunza lugha ya taifa kwa amri na filimbi kwamba hakufundishwa ngeli.

Magari: kutoka Kariakoo hadi deraya

Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki halikuwa na magari ya kutosha, barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Gari la jeshi lilikuwa kichwa cha mtu. Wapagazi waliandikishwa kwa maelfu mengi, Wakamba wakiwamo, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likatamkwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Ni miongoni mwa majina machache ya usafiri wa kijeshi yaliyoingia katika Kiswahili yakawa mitaa.

Baada ya Uhuru, zana za Kenya zilibadilika haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iliagiza Uingereza vifaru zaidi ya 70 aina ya Vickers Mark 3. Ilikuwa pia na magari ya Kifaransa aina ya Panhard AML: ya chuma, yenye mzinga juu, lakini yanayotembea kwa magurudumu manne. Raia anayeiona Panhard ikipita siku ya sherehe huiita kifaru, na mtu hawezi kumkatalia kwa urahisi, kwani ngozi ipo na pembe ipo. Kwa mwanajeshi, hata hivyo, hicho si kifaru hata kidogo.

Baada ya wanajeshi wa Kenya kuvuka mpaka kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, aina ya tatu ilikuja kujulikana zaidi: magari marefu ya kubebea askari, yaliyotengenezwa ili kustahimili mabomu yanayofukiwa barabarani. Puma M26 ya Afrika Kusini ni mfano. Sakafu yake imeinuliwa juu ya ardhi na tumbo lake limechongoka kama mtumbwi, ili nguvu ya mlipuko igawanyike na kutokea kandoni badala ya kupanda moja kwa moja miguuni mwa waliokaa. Gari la namna hii halina mzinga. Kazi yake ni kufikisha watu.

Neno lililopo la kuyakusanya magari haya ni gari la deraya. Deraya ni vazi la chuma la mpiganaji wa zamani, hivyo gari la deraya ni gari lililovikwa. Ni neno zuri, na linafaa kutetewa dhidi ya "gari la kivita", ambalo laweza kuwa hata lori la unga la kikosi. Lakini peke yake halitoshi, na katika taarifa nyingi hata hilo husahaulika, kila chuma kikaitwa kifaru.

Hapo ndipo hesabu ya Katangi inapoingia. T-72 huendeshwa na askari watatu; Vickers, wanne. Gari la deraya la kubebea askari hubeba watu wapatao kumi, pengine zaidi. Msomaji na azilinganishe sentensi tatu zifuatazo:

Kifaru cha jeshi kimelipuliwa.

Gari la deraya lililobeba askari limelipuliwa.

Gari la kivita limelipuliwa.

Kwa sentensi ya kwanza mzazi anahofia watu watatu au wanne, wenye mafunzo maalumu ambayo huenda mwanawe hana. Kwa ya pili anahofia kumi, na askari yeyote wa miguu anaweza kuwamo. Kwa ya tatu hana pa kuanzia. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, idadi ya waliouawa iligeuka kuwa mabishano yaliyodumu muda mrefu, na jamaa za askari waliishi kwa kuyapima maneno ya wasomaji wa habari. Idadi ikizuiwa, nomino ndiyo inayobaki.

Dawa imo ndani ya lugha, na haidai istilahi za kubuni zenye viungo vitatu. Ni ile ya mzinga: kijalizo. Gari la deraya la mzinga litofautishwe na gari la deraya la kubebea askari, na jina la kifaru liachiwe chuma kinachotembea kwa minyororo na kubeba mzinga. Tanzania, ambayo jeshi lake huendesha shughuli zake kwa Kiswahili, ina desturi ndefu zaidi katika uwanja huu. Hata shirika lake la kutengeneza risasi mjini Morogoro linaitwa Mzinga, ilhali kiwanda cha Kenya kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1997 kinajulikana kwa jina la Kiingereza. Si majina yote yaliyozaliwa vitani yalipitia mlango wa maofisa. Katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, roketi za Tanzania ziliitwa saba saba na raia wa Uganda waliozisikia, na jina hilo likaenea.

Limebaki kombora, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Vyombo vya habari hulitumia kwa bomu la mzinga, kwa roketi ya begani, kwa silaha inayoruka mamia ya kilomita, na siku ya Jumamosi kwa mkwaju wa mshambuliaji uliomshinda kipa. Kijalizo hapa hakitaponya kila kitu, kwa sababu neno limekwisha kuwa mali ya uwanja wa mpira. Walau mtangazaji anaweza kusema limerushwa na nini: begani, mzingani, au angani.