Kula Vema kwa Fedha Chache Mjini Voi na Katika Nchi ya Taita Taveta

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kuzipita Mariakani na Maungu, na macho yake yakiwa yamechoshwa na ukavu wa nyika, huufikia mji wa Voi baada ya mwendo wa kilomita kama 150, naye aghalabu huwa na haja mbili tu, maji ya kunawa uso na chakula cha moto. Wengi huzitafuta haja hizo palepale kando ya barabara kuu, mahali basi lisimamapo kwa muda mfupi, na huko hulipa fedha nyingi kwa chipsi zilizokwisha kupoa, kisha huondoka wakiamini kwamba Voi ni mji wa kupita usio na mapishi yake. Kazi yangu hunipeleka huko mara kwa mara, na kwa kuwa posho yangu si kubwa na tumbo langu halipendi kudhulumiwa, nimejifunza kuutafuta mlo mahali wenyeji wenyewe waupatapo. Nayo ndiyo elimu niitakayo kumpa msomaji.

Kanuni yangu ni kuwatazama walaji kabla ya kuutazama ubao wa mkahawa. Mpishi amlishaye fundi wa pikipiki, mchuuzi wa nyanya na karani wa afisi ya kaunti siku sita za juma hana njia ya kupandisha bei leo na kuishusha kesho, wala hathubutu kumpakulia mtu maharagwe yaliyochacha, maadamu wote hao ni jirani zake na watarudi adhuhuri ya kesho kudai haki yao. Ilhali yule auzaye kwa abiria wa basi hategemei kumwona tena mteja wake duniani. Kwa hiyo, niingiapo mtaa nisioujua, husimama kidogo nikatazama: kama waliokaa katika mabenchi wamevaa mavazi ya kazi, kama wanamwita mpishi kwa jina la mwanawe, Mama fulani, na kama wengine wanakula bila kulipa kwa sababu hesabu yao imeandikwa daftarini mpaka mwisho wa mwezi, basi nakaa bila ya shaka. Mahali penye daftari la deni ni mahali penye uaminifu wa pande mbili, na mgeni akaribishwaye hapo hula kwa bei ileile ya mwenyeji.

Zamani ithibati iliyo bora kabisa ilikuwa malori. Dereva wa lori huijua barabara yote, naye hasimami pasipo na nyama laini na ugali wa kutosha. Lakini mwaka 2019, serikali ilipoamuru makontena ya mizigo iendayo bara yasafirishwe kwa reli mpya, malori yalipungua barabarani, na akina mama waliokuwa wakipika sufuria tatu za nyama kila jioni katika miji kama Voi na Mtito Andei waliona walaji wao wakitoweka. Baadhi walifunga, na baadhi waligeukia kuwapikia watu wa sokoni. Mnamo Septemba 2022, baada ya Rais William Ruto kuapishwa na kutangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe katika bandari ya Mombasa, madereva walianza kurudi, ingawa si kila jiko lililozimwa liliwashwa tena. Basi mstari wa malori ungali ni dalili njema nyakati za jioni na usiku, lakini mchana nautegemea zaidi umati wa soko.

Kila wakati wa siku una nyumba zake, na mtu aendaye mahali pazuri kwa saa isiyofaa hupata masufuria matupu. Alfajiri huanzia upande wa misikiti, ambako waliotoka kusali hupata mahamri yatokayo mafutani muda ule ule, pamoja na mbaazi na chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi. Haya ni maakuli ya pwani hasa, nayo yalipanda huku pamoja na watu wa reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kuwaleta Waswahili, Wahindi na watu wa makabila ya bara kukaa mahali pamoja; ndiyo sababu sinia moja la Voi laweza kuwa na chapati, bajia na ugali bila mtu yeyote kuona ajabu. Lakini mnazi hauoti katika ardhi kame kama ile, na kila nazi ikunwayo Voi imesafirishwa kutoka chini pwani. Kwa hiyo mbaazi za nazi hapa huwa ama nyepesi kuliko za Mombasa, ama ghali kidogo kuzidi, na hakuna wa kulaumiwa. Ifikapo saa tatu mahamri yaliyobaki huwa yamekwisha kuwa magumu, nami humsihi msomaji asiyanunue.

Kuanzia saa sita mchana uende sokoni, katika vibanda na hoteli ndogo zilizo karibu na meza za mboga, kwani mpishi aliye hatua chache tu na muuza mchicha hana gharama ya kuubeba, wala hana sababu ya kupika ulionyauka. Hapo hupikwa pure, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika, kisha yakakaangwa kwa kitunguu na nyanya. Hupikwa wali na maharagwe, ndengu, ugali kwa sukuma wiki au kunde, na matumbo yaliyosafishwa vema yenye mchuzi mzito. Katika vyote hivyo, pure ndiyo niipendayo, kwa kuwa humshibisha mtu mpaka magharibi. Tazama sufuria kabla ya kukaa. Iliyofunikwa na kutoa mvuke ni salama. Iliyo wazi, imepoa na kuzungukwa na nzi, ipite hata kama mpishi ana maneno matamu. Tazama pia kama kuna maji ya kunawa na sabuni mlangoni, kwa maana asiyejali mikono ya walaji hajali na mikono yake.

Kisha uliza, na uulize kwa staha. Wengi wa wasafiri hufanya haya ya kutaja fedha, na haya hiyo ndiyo iwagharimuyo. Mimi husema hivi:

"Shikamoo mama. Leo umetupikia nini?"

"Marahaba, mwanangu, karibu. Kuna wali maharagwe, kuna ugali matumbo, na pure iko jikoni yaiva."

"Nikipata pure na chapati moja, nitalipa ngapi?"

Atakutajia, na hapo huna la kuhofu tena. Bei hubadilika kadiri ya mvua na mavuno, lakini mtu aliye na shilingi 200 mfukoni aweza kula akashiba katika vibanda hivi, akanywa na chai, na pengine akabakiwa na kitu. Malipo kwa simu yamekubaliwa hata katika kibanda kilicho kidogo kabisa, na namba huandikwa ukutani kwa rangi. Hata hivyo chukua sarafu na noti ndogo, kwani mtandao ukikwama wakati wa msongamano wa adhuhuri, utamtia mpishi katika dhiki mbele ya watu wenye njaa.

Nyama ya kuchoma ina adabu yake peke yake. Nchi ya Taita Taveta ni nchi ya malisho, na mbuzi wa huku, alaye vichaka vya nyikani, ana ladha ambayo sijaipata kwingine. Nenda katika bucha yenye jiko la mkaa ubavuni, uichague nyama wewe mwenyewe ingali mbichi, ipimwe machoni pako kabla haijatiwa motoni, na uulize kama ugali na kachumbari vimo katika bei ya nyama au vinahesabiwa mbali. Nusu kilo yawatosha wawili wasio walafi. Kisha uwe na subira ya kadiri ya saa moja, kwa maana nyama iletwayo upesi ilichomwa tangu zamani kwa ajili ya mtu mwingine.

Katika mwezi wa Ramadhani nyumba nyingi za Waislamu hufunga mchana, na haifai mgeni kugonga mlango akidai chai. Angojee magharibi, ndipo atakapoona mbele ya milango kaimati, viazi vya nazi, tambi na uji wenye viungo, vikiuzwa kwa bei ambayo nyakati nyingine za mwaka ni nadra kuipata. Nami huona kwamba mtu aliyepata kufuturu pamoja na watu wa Voi ameujua mji kuliko yule aliyelala humo juma zima katika hoteli ya watalii.

Mwenye wasaa asiishie Voi. Matatu ziendazo Wundanyi hupitia Mwatate, kisha hupanda mlima kwa barabara ya kona nyingi, na baridi humpokea abiria kabla hajashuka. Kabichi, nyanya na mboga za milima hii huteremshwa mpaka soko la Kongowea, Mombasa, ambako huuzwa kwa bei iliyoongezewa nauli na faida ya kila mkono zilikopitia. Huku juu mboga zizo hizo huliwa siku ileile zilipokatwa, na sahani yake ni rahisi kuliko yoyote niijuayo katika kaunti. Sina la kuongeza juu ya Wundanyi ila kwamba uchukue sweta.

Taveta, mpakani mwa Tanzania, yastahili safari kamili, na uifanye Jumatano au Jumamosi, siku za soko lake kuu, wakati ndizi za aina kwa aina hulundikwa chini na wanunuzi hufika kutoka mbali. Maji yashukayo kutoka Kilimanjaro ndiyo yarutubishayo mashamba ya huko, na kwa hiyo ndizi za kupikwa pamoja na nyama, ambazo Voi ni chakula cha kutafutwa, Taveta ni chakula cha kila mlango. Samaki wa Ziwa Jipe nao huletwa hapo. Wa baharini, walioletwa kutoka Mombasa na kukaangwa mpaka wakauka, waache kwa siku utakayokuwa Mombasa. Fika kabla ya adhuhuri, kwa sababu wachuuzi hula mapema, na soko likianza kuvunjika wapishi huvunja majiko yao pamoja nalo.

Kimebaki chakula kimoja, nacho ndicho kinipacho bidii ya kuandika haya. Kimanga ni mlo wa Wataita, wa muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, na kila nyumba ina kipimo chake. Kwa kuwa ni kazi ya mikono na ya muda, aghalabu hupikwa majumbani, na mgeni aweza kuzunguka Voi kutwa asikione katika ubao wowote. Ukiisha kula mahali mara ya kwanza na kuridhika, na mpishi akawa ni Mtaita, mwulize kwa upole kama aweza kukupikia kimanga kesho. Akikubali, mwachie fedha ya muhogo na maharagwe papo hapo, mwambie mtakuwa wangapi, kisha mwulize saa ya kuja, na usichelewe.