Amplifaya ya Spika Nzito: Somo Nililolipata Garissa

Spika zangu mbili ndefu nilizinunua Luthuli Avenue, Nairobi, nikazipakia kwenye basi hadi Garissa. Usiku wa kwanza tulitazama filamu yenye dhoruba baharini. Kila radi ilipopiga, risiva iliyoendesha spika hizo ilizima. Nikailaumu stima, nikanunua stebilaiza, bado ikazima. Ndipo fundi wa mtaani alipogeuza spika na kunionyesha kibandiko cha nyuma: omu 4. Risiva ilikuwa imetengenezewa omu 8.

Spika hizo zilikuwa zimeizidi nguvu, ndiyo maana nikatafuta amplifaya ya nje. Ukitaka amplifaya ya spika kama hizi, fuata hatua hizi.

1. Soma omu kwanza. Omu hupima jinsi spika inavyozuia mkondo wa umeme. Kwa volti 20, spika ya omu 8 hupitisha ampea 2.5, yaani wati 50. Ya omu 4 hupitisha ampea 5, wati 100. Tena kwenye besi omu zaweza kushuka chini ya zilizoandikwa. Chagua amplifaya ambayo kitabu chake kinataja wati kwa omu 4. Zikikaribia maradufu ya zile za omu 8, ina misuli.

2. Piga hesabu ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika zangu hutoa desibeli 84 kwa wati 1, ukiwa mita 1. Kila desibeli 3 za ziada hudai wati maradufu, kwa hiyo ukitaka kufika desibeli 96, unahitaji wati 16. Sisi huketi mita 3 mbali, na ili sauti hiyo itufikie huko, spika moja ingehitaji kama wati 140. Kuta na spika ya pili hupunguza mzigo, lakini akiba ni muhimu. Maelfu ya wati za PMPO (za kilele cha kitambo kidogo tu) kwenye boksi yaache, soma RMS (wati za mfululizo).

3. Fikiria joto. Mwezi wa Machi, mchana wa Garissa hupita nyuzi 35. Amplifaya ya daraja AB hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Ya daraja D hupoteza kidogo, na hilo humfaa pia anayetumia sola na betri. Nilichukua D. Nimeiweka mezani, si kabatini, na kila mwezi naipangusa vumbi kwa brashi.

4. Kagua risiva yako. Lazima iwe na matundu ya kupeleka sauti kwenye amplifaya ya nje. Bila hayo, utabadilisha risiva pia.

5. Jaribu kabla ya kulipa. Omba amplifaya iunganishwe na spika za omu 4, ipigwe kwa sauti kubwa dakika 20. Ikizima au ikikuunguza kiganja, iache.

Nilipomaliza kufunga yangu, nilirudia filamu ileile. Radi ikapiga, ikanguruma hadi mwisho. Mama akatoka jikoni mbio kwenda kuanua nguo, akidhani mvua imefika.