Jani la Maharage Linapozeeka: Vimeng'enya Vinavyolinda Seli

Katika mashamba ya Kiruruma, maharage yanapokaribia kukomaa, majani ya chini hutangulia kugeuka njano, kisha hupukutika. Mkulima husema zao linaiva. Ndani ya jani, seli zinazeeka kwa utaratibu, na naitrojeni yake inahamishiwa kwenye mbegu.

Wakati huo klorofili huvunjika na usanisinuru hudhoofu. Nishati ya mwanga isiyopata kazi huangukia oksijeni, na superoksaidi pamoja na haidrojeni peroksaidi huongezeka. Kwa kiasi kidogo, molekuli hizi ni ishara ambazo seli hupeana. Zikizidi, huharibu mafuta ya utando na protini. Hali hiyo huitwa msongo oksidishi. Jani hujikinga kwa vimeng'enya: superoksaidi dismutasi hugeuza superoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, nayo katalasi huivunja kuwa maji na oksijeni. Mara nyingi katalasi hupungua jani linapochakaa.

Mtumishi wa afya amekwisha kuiona katalasi kazini, pengine bila kuijua jina: ni yenyewe inayotoa povu jeraha linapomwagiwa haidrojeni peroksaidi. Tone hilohilo juu ya jani bichi lililopondwa hutoa povu pia. Jani likichemshwa kwanza, povu halitoki, kwani joto limekiharibu kimeng'enya.

Nalipenda jaribio hili kwa sababu linawajibu wagonjwa wanaouziwa unga wa majani "wa kuzuia uzee". Kimeng'enya ni protini. Kikiponea moto, humeng'enywa tumboni kama protini ya nyama. Hakifiki kwenye kongosho kikiwa kizima. Seli zetu hujitengenezea vya kwake.

Vidonge navyo vina hadithi yao. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 ulihusisha wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa beta-karotini miligramu 20 kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Karoti haikuwa na kosa; walipewa kidonge, tena kwa miaka mitano hadi minane.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anapofika kliniki sukari ikiwa juu, mtumishi amwulize kwa upole, bila kumkaripia, kama anatumia unga au juisi ya dawa, na kama bado anameza metformini. Wengi huficha wakihofia kugombezwa. Akikiri kuwa ameiacha, apimwe siku hiyohiyo na tabibu apange namna ya kuirejesha. Maharage na ndizi anaendelea kula, kwa kipimo alichoelekezwa.