SOMO: MAUMIVU KIISHA KUPASULIWA MUGUU

Mama, kama bwana wako ao mutoto wako amevunjika muguu, na munganga amemupasua juu ya kuunganisha mfupa, ni wewe utakaa karibu na kitanda chake usiku. Kuna njia mbili za kutuliza maumivu, na kila njia iko na ulinzi wake. Uulize munganga: «Amepata dawa gani?»

1. Dawa ya mushipa wa damu

Dawa hii, kama morfini, inatembea na damu katika mwili muzima. Inatuliza kwa dakika chache, lakini kiisha saa 3 ao 4 nguvu yake inapungua. Inaweza kuleta usingizi, kutapika, kujikuna na kufunga choo.

Hatari kubwa ni pumuzi. Wengine wanasema: «Anakoroma, mumuache apumzike.» Hapana! Hesabu pumuzi kwa dakika 1 nzima. Kama mutu mukubwa hafiki 10, ao ukimuita na kumutikisa haamuki, ita munganga mbio. Mutoto anapumua mbio kuliko mutu mukubwa. Ukiona anapumua polepole kuliko desturi yake, usingoje.

2. Shindano ya ganzi

Munganga anachoma dawa karibu na mishipa yenye kupeleka habari ya maumivu toka muguu mpaka kichwa. Ni kama kufunga njia: habari haipite. Mugonjwa anabaki macho, na mara nyingi anahitaji morfini kidogo tu. Shindano moja inaweza kudumu saa 12, hata 24. Lakini angalia:

– Muguu hauna nguvu. Asisimame peke yake, hata kwa kwenda choo.
– Hasikii moto. Usiweke chupa ya maji moto. Usiache kisigino kikandamizwe pahali pamoja.
– Ganzi ikiisha, maumivu yanarudi kwa gafula. Ameze vidonge mbele ya ganzi kuisha, sawa munganga alivyoagiza.

Ipi ni bora? Munganga anachagua kufwatana na kidonda. Mara nyingi wanachanganya njia zote mbili na vidonge. Kama muguu umepondeka na kuvimba sana, anaweza kukataa ganzi, maana inaweza kuficha hatari.

3. Hatari ya kila mugonjwa

Angalia vidole vya muguu kila saa. Kama maumivu yanaongezeka hata amepata dawa, plasta inabana, vidole vimevimba, ni baridi ao vyeupe, ao ukivinyoosha analia sana, damu haipite vizuri. Muguu unaweza kuharibika kwa saa chache. Ita munganga mara moja. Usisugue, usikande.

Usimuambie mugonjwa: «Vumilia, wewe ni mwanaume.» Mwenye maumivu makali halale, hapumue sana, na hatembeze muguu. Kusema maumivu ni kusaidia munganga.

Maswali
1. Mugonjwa wa morfini, unahesabu nini?
2. Juu ya nini mwenye ganzi asisimame peke yake?
3. Vidole vikiwa baridi, utafanya nini?